Daftari la Ziwa

Daftari langu lina safu tatu:
Kuingia. Kutoka. Salio.
Miaka kumi na mmoja naandika humo
mapipa ya oili chafu, betri zilizokufa,
viroba vya chumvi ya ngozi, dawa ya pamba,
na jioni hesabu ikigoma
sifungi geti mpaka ikubali.

Nyuma ya ukuta wa mabati, hatua mia mbili,
limelala Ziwa Kindai.
Nalo lina daftari, ila safu ni moja:
Kuingia.
Hakuna mto unaolitoka.
Kinachopanda ni mvuke tu,
na mvuke haubebi oili.

Mwaka jana mvua ya kwanza ilitukuta tumekaa.
Meneja Kiula alisimama barazani, mikono mfukoni,
akasema, "Afadhali, ituoshee yadi bure."
Ikaiosha.
Iliosha kama mkwe mgeni anavyoosha vyombo,
kila kona, bila kuambiwa,
ikakomba chini ya mapipa, ikalamba kutu,
ikatokea kwenye karavati na mzigo ambao sikuusainia.
Asubuhi maji ya ukingoni yalikuwa yamevaa rangi za khanga,
nzuri, Mungu anisamehe, nzuri,
na heroe walishahamia ng'ambo,
mstari wa waridi, mbali, wametupa migongo.

Mwaka huu nilianza Septemba, vumbi likiwa bado na kiburi.
Niliandika barua tatu kuomba paa.
Ya kwanza ilijibiwa "tutaona",
ya pili haikujibiwa,
ya tatu niliikuta kantini imefungiwa karanga.
Basi.
Nikamwita Ntandu, mpakuaji.
Tulimwaga ndoo ya maji katikati ya yadi
tukaifuata kwa miguu, kama watu wanaofuata mbuzi mwizi,
tuone anakopita.
Maji hayadanganyi kuhusu mteremko.
Yalipokata kona tukachora kwa chaki,
tulipochora tukainua tuta, kimo cha goti,
saruji mifuko minne, miwili ya mshahara wangu.
Mapipa tukayapandisha kwenye vichaga.
Yanayovuja yakapewa sinia la bati, yavujie kwao.
Na mdomoni mwa karavati, viroba vya mchanga
na maganda ya alizeti kutoka kwa Mama Hango, mkamuaji:
yanakunywa oili kuliko mlevi anavyokunywa wanzuki.

Jirani wa kiwanda cha ngozi alicheka.
"Mnayajengea maji boma?"
"Geti," Ntandu akamjibu. "Yatoke na risiti."

Ilikuja Jumapili usiku, Desemba,
na upepo ule wa kwetu
unaong'oa bati kwanza, ndipo uulize mwenyewe.
Nilisimama na tochi, gauni la kanisani limelowa hadi kiunoni.
Nyuma ya tuta maji yakajaa, meusi, yakitetemeka,
yakapanda kidole,
yakapanda,
yakasimama.

Alfajiri nikazunguka.
Tuta limeshika. Maganda yamenenepa, yamenuka gereji.
Mapipa yote kwenye vichaga vyao, makavu matakoni.
Nikaanza kutabasamu,
halafu, kando ya nguzo ya geti,
pale ambapo hatukumwaga ile ndoo,
uzi.
Mwembamba, unang'aa, umepenya chini ya bati
umekwenda zake ziwani bila haraka.

"Kidogo sana hicho, dada," Ntandu alisema.
"Usikiandike."

Nilifungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa
nikachora safu moja.
Kuingia: debe moja, pengine na nusu.
Nikasaini.
Kisha nikaenda kutafuta ndoo.